Aliyefungua Karabai za Mariana

"Taa ni zangu!" Mariana akapiga kelele mpaka kuku wangu wakakimbilia chini ya kichanja cha dagaa. "Nimezinunua, nimezimaliza, hakuna mtu ananidai. Nikitaka kuzivunja nitazivunja. Nikitaka kuzipikia uji nitazipikia."

"Taa ni zako, Mama, nani amekataa?" Yassir akasema. "Lakini lakiri si yako. Lakiri ni muhuri wa kampuni. Na kilicho chini ya lakiri hakifunguliwi na mtu ila fundi wa kampuni."

"Fundi wa kampuni yuko wapi?"

"Dar."

"Dar!" Mariana akanigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyeiweka Dar mbali. "Umesikia, Bibi Shadia? Taa imeziba pua hapa Ujiji, sasa ipande treni ikapengwe kamasi Dar."

Nilikuwa nimesikia. Tangu asubuhi nilikuwa nasikia. Nilikaa kwenye mkeka, miguu nimeinyoosha kwa sababu magoti yangu hayataki tena kukunjwa, nachambua dagaa, na ugomvi ule ulikuwa umeshanizunguka mara tatu kama nzi. Lakini kilichoniuma si lakiri. Yassir alikuwa amekalia kigoda cha Leonia, mgeni wangu mkimbizi. Watu wengi walipita uani kwangu miaka ile, na kigoda kile hakukikalia mtu ila mwenyewe. Na mwenyewe alikuwa ameondoka kabla ya adhana ya alfajiri, furushi kichwani na kopo lake kwapani, kwenda Katubuka kusubiri lori limrudishe kambini.

"Yassir," nikamwambia, "hicho kigoda kina kunguni."

"Hakina, Bibi."

"Kinao. Mwaka jana walimla mtu kiuno chote, akabaki kifua na miguu."

Hakucheka, wala hakuinuka. Mtoto yule nimempakata mimi, naujua uchovu wake. Walikuwa wamemwajiri wale wauzaji wa taa mpya kule mjini, kazi yake kuzunguka mialo yote ya wavuvi kukagua taa walizouza. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliingia na shikamoo yake vizuri tu, akakaa, akatoa karatasi, na karatasi ile ilikuwa imeandikwa kila kitu isipokuwa jina. Nafasi ya jina ilikuwa tupu. Jina la mtu aliyefungua karabai za Mariana.

"Mimi nimetumwa, Bibi," akasema. "Nikirudi bila jina, wataandika langu."

Kwa asiyejua kazi ya ziwa letu: dagaa wanafuata taa. Wavuvi wanawasha karabai, wanazining'iniza juu ya maji, dagaa wanakuja kushangaa kama watu waliosikia kuna harusi, wavu unainuliwa. Lakini mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaoni sababu ya kuja kwenye taa ya mtu. Basi siku za mbalamwezi mitumbwi inalala mchangani, na karabai zote zinapanda nchi kavu kuuguzwa. Hii imelegea pampu, hii imeziba tundu la mafuta, hii imepasuka soksi, kile kitambaa kinachotoa mwanga. Zote zilikuja uani kwangu, kwa Leonia, zikapangwa ukutani kama wagonjwa wa zahanati. Mwezi ukianza kumong'onyoka, zinarudi majini. Siku ninayoisimulia, zilikuwa zimebaki siku mbili tu giza lirudi, na Mariana alikuwa hajui mtumbwi wake utatoka na taa gani.

Leonia alizaliwa ng'ambo, Baraka, upande wa Kongo. Baba yake alikuwa fundi karabai. Hakupata mtoto wa kiume, akampa binti koleo, na watu walipomcheka akasema taa haijui aliyeishika ni nani. Vita ilipofika kwao, watu walikimbia na walichoweza kushika. Niliwaona wakishuka mwaloni kwetu. Huyu ana sufuria, huyu ana godoro, mzee mmoja ana mlango wa nyumba yake, mlango mtupu na bawaba zake, anasema nyumba ataitafuta baadaye. Hilo la mlango si uongo. Uongo nitawaambia ukifika. Leonia alishuka na kopo la biskuti limejaa ngozi, nyaya na vijitundu vya shaba. Mume wake, Eliakimu, alimpandisha kwenye boti, kisha akarudi nyumbani mbio kuchukua koleo kubwa walilolisahau. Boti haikusubiri. Leonia hakuwahi kunisimulia zaidi ya hapo. Na mimi, niliyetunga habari za kila mtu hapa Ujiji, za Eliakimu sikutunga hata moja.

Wakampeleka kambini, Lugufu. Kule hakuna ziwa, na karabai ni za ofisini. Akakaa, akakaa, jino likamuuma. Wakampa kibali cha siku moja aje mjini kung'oa. Mimi nilimkuta jioni ya siku ileile mwaloni, shavu limevimba kama andazi, amechuchumaa mbele ya taa ya mvuvi anamgombeza kwa kuizibua kwa msumari. "Utamtia mtoto wako msumari puani akipata mafua?" Nikamwambia, "Binti, twende ukanywe uji." Ndiyo hivyo, akabaki kwangu. Mtu akimuuliza anafanya nini Ujiji, alijibu, "Ninang'oa jino." Miaka mitatu jino lile linang'olewa. Watu wa Gungu niliwaambia lina mizizi inafika magotini, kila daktari anayelivuta anaanguka yeye.

Namna yake ya kazi ilikuwa hivi. Kwanza anainusa taa. Halafu anaweka sikio kwenye tangi, anapiga pampu mara mbili, macho ameyafumba. Halafu ndipo anautaja ugonjwa, na hakukosea hata siku moja. Akimaliza, kilichokufa hakitupi. Ngozi iliyokauka, kijitundu kilicholika, anakifunga kwenye kipande cha gazeti na kumkabidhi mwenye taa.

"Hiki ni chako."

"Nikifanyie nini?"

"Sijui. Ni chako."

Wengine waliogopa, wakadhani ni uganga. Mvuvi mmoja alikwenda kukizika. Siku moja nikamuuliza kwa nini anajisumbua. Akasema, "Mama, kule tuliacha kila kitu, na kuna mtu alichukua. Mimi sichukui kitu ya mtu."

Nilitaka nicheke, nikaona bora nikoroge mboga.

Halafu zikaja hizi taa mpya. Ziling'aa kama meno ya bwana harusi. Mariana alikuwa ameachiwa ujane na mtumbwi. Akabandua bati za nyumba yake upande mmoja akaziuza, akauza na baiskeli ya marehemu, akanunua taa sita kwa mpigo. Tulipiga vigelegele. Chini ya kila tangi kulikuwa na waya mwembamba, na kwenye waya kipande cha risasi kilichopigwa chapa. Karatasi ikasomwa. Mariana akaweka dole gumba, na mimi nikaweka langu la ushahidi. Karatasi ikisomwa haraka inasikika kama mvua juu ya bati, unajua inanyesha lakini hujui inasema nini. Kumbe ilisema kile kipande cha risasi ndicho lakiri, kikikatika garantii imekufa, na mwenye taa hatauziwa spea tena maisha yake, si soksi, si ngozi, si sindano ya kuzibulia. Na spea za taa zile hakuna duka lingine lililokuwa nazo.

Pampu za zile taa hazikuwa na ngozi ndani. Zilikuwa na kimpira chembamba kama ulimi wa mjusi. Miezi miwili tu, taa tatu zikakata pumzi. Mariana akazipeleka mjini. Akaambiwa asubiri fundi. Akasubiri mbalamwezi ya kwanza, akasubiri ya pili. Wavuvi wake wakaanza kuangalia mitumbwi ya wengine. Mbalamwezi ya tatu akazifunga kwenye khanga, akaja nazo kwangu kama mtu aliyebeba pacha watatu wagonjwa.

Sasa, Leonia alikuwa hagusi taa yenye lakiri. Walimletea wengi, akawarudisha. Alimuuliza hata Yassir siku moja, kwa upole kabisa, "Nje ni ya mwenyewe, nimeelewa. Ndani ni ya nani?" Yassir akajibu kwamba hilo halijaandikwa. Kwa hiyo za Mariana alizipindua kwanza, akatazama chini ya tangi. Waya haupo. Risasi haipo.

"Lakiri iko wapi?"

"Lakiri gani? Taa zangu ziko hivyohivyo."

Leonia akafikiri, akaona kama hakuna lakiri, hakuna katazo. Akafungua. Akakata ngozi kwenye kiatu changu cha zamani, kile nilichoolewa nacho, akatoa vile vimpira na kumpa Mariana kwenye gazeti. Taa mbili zikawaka. Ya tatu ilibaki chumbani kwangu, pampu nje, ngozi yake imelowekwa kwenye bakuli la mawese ili ilainike. Aliniambia itolewe jua likiwa utosini, ikizidi hapo inakuwa uji. Aliniambia mara mbili kwa sababu bakuli moja lililopita niliungia maharage. Tulitafuna siku nzima.

Jana yake ndipo Yassir alipopita mwaloni, akapindua taa za Mariana, akaona chini ni kweupe. Akapita nje ya ua wangu akisema kwa sauti, na ukuta wangu ni wa matete, "Kuna fundi wa kichochoroni hapa. Na wote tunajua ni mkimbizi hana kibali. Jina lake likifika ofisini, kesho yuko kambini, na kopo lake linabaki." Hakujua kwamba mwenyewe amesimama nyuma ya mlango.

Leonia alifagia ua wote, mpaka chini ya kichanja ambako hakufagiwi. Usiku nilimsikia akifunga furushi. Nilikuwa macho. Ningeweza kuinuka nikamshika mkono. Lakini miaka ile, jamani, tulikuwa tumeshawaambia watu wengi sana "kaa, usiende," na wengine walikwenda, na wengine walipelekwa, na mdomo nao unachoka kama goti. Nikageukia ukutani. Afadhali aende mwenyewe na kopo lake kuliko apelekwe bila kopo. Nadhani na yeye alipiga hesabu hiyo.

Ndipo asubuhi Mariana na Yassir wakaja kugombania uani kwangu.

"Nauliza tena," Yassir akasema. "Lakiri sita. Ziko wapi? Zimeyeyuka? Zimeota mabawa?"

"Bibi hapa atakwambia zimeota," Mariana akasema.

"Zimeota," nikasema. "Niliziona zikielekea Ilagala."

Kwenye kona ya ua alikuwa amekaa Telesphory, nahodha wa mtumbwi wa Mariana, anashona wavu. Mtu wa maneno machache, Muha wa juu huko Kasulu aliyeteremka ziwani na kusahau kurudi. Tangu asubuhi hakuwa ametia neno. Sasa akainua kichwa.

"Lakiri ni kitu gani?"

"Risasi," Yassir akasema, amechoka kabisa. "Vipande vya risasi. Vidogo. Vina chapa. Vilikuwa vimefungwa kwa waya chini ya taa."

Telesphory akavuta ukingo wa wavu magotini, akaupekua taratibu kama mama anayemtafuta mtoto chawa.

"Hizi?"

Yassir akaenda akainama. Pale kwenye ukingo, kati ya risasi nyingine zilizochakaa za kuzamishia wavu, zilikuwa zimebanwa sita mpya, chapa ya kampuni inaonekana vizuri, na gamba la dagaa limenata juu ya moja.

"Nani aliwaambia mzitoe?"

"Hakuna. Tulidhani ni nyongeza."

Msimcheke. Huku kwetu ukinunua nyanya unaongezwa nyanya. Ukinunua mawese unatiliwa kidogo juu. Mtu akimuuzia mvuvi taa sita, atamwongeza nini kama si risasi za wavu? Tena zimefungwa vizuri, moja kwa kila taa.

"Nilisema siku ileile," Telesphory akasema, "wale watu wana adabu."

Yassir akaanza kucheka, akashindwa kumaliza. "Mlizitoa lini?"

"Siku zilipofika. Kabla hatujaziwasha."

"Kabla hamjaziwasha."

"Usiku ule zilikuwa tayari ziko majini."

"Kwa hiyo garantii ilikufa kabla taa haijawaka hata mara moja," Yassir akasema, akarudi akakaa. Kwenye kigoda kilekile.

Mariana akakaa na yeye, chini, kwenye vumbi, na ile khanga yake nzuri. Hasira zilikuwa zimemwisha. "Nimebandua bati," akasema, si kwa mtu. "Mvua ikinyesha tunahamia upande mmoja wa nyumba kama kuku. Nikasema, si kitu, nina taa. Kumbe taa nazo nimenunua upande mmoja."

Nikaendelea kuchambua. Kichwa huku, dagaa huku.

"Lakiri nimeelewa," Yassir akasema. "Hilo nitawaeleza, watacheka, litaisha. Lakini mbalamwezi iliyopita taa tatu zilikuwa zimekufa, Mama Mariana ulizileta dukani mwenyewe, ziliandikwa bila kupinduliwa. Jana nimekuta mbili zinawaka. Hizo hazikutengenezwa na nyongeza. Kuna mtu ametia mkono. Wanataka jina, Bibi. Na jina mimi ninalo. Kila mtu Ujiji analo. Mama yangu mwenyewe alikuwa anamletea taa."

Akatoa kalamu. Akaiweka juu ya karatasi, juu ya ile nafasi tupu. Akaishikilia pale, hakuandika.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nini, Bibi?"

"Mimi ndiye niliyefungua."

Mariana akaacha mdomo wazi. Telesphory akashona haraka.

"Bibi," Yassir akasema, "wiki iliyopita uliniita nikufungulie kopo la maziwa."

"Kopo la maziwa sikujifunza. Karabai nilijifunza. Andika. Shadia binti Amuri, wa Ujiji, fundi karabai."

"Unajua watakufanya nini?"

"Wataninyima spea. Sina taa. Nawasha kibatari."

"Wanaweza kukuita ofisini."

"Waniletee gari, magoti haya hayatembei. Halafu wanipeleke wapi, Yassir? Mimi nimezaliwa nyuma ya msikiti huu hapa. Mimi hawana kambi ya kunipeleka."

Hapo akanitazama. Mtoto yule ana macho ya baba yake, hayajui kudanganya, ndiyo maana biashara ya mchele ilimshinda. Akaandika. Nilisikia kalamu inakwaruza jina langu, na lilikuwa refu kuliko nilivyodhani.

"Nimeandika," akasema. "Lakini dole bado. Wataniuliza, ulimwona kwa macho yako? Nataka nikisema ndiyo iwe ndiyo. Nioneshe."

"Nikuoneshe nini?"

"Fungua karabai moja, ufunge, iwake."

Mungu wangu. Mariana akanitazama, nikamtazama. "Kalete ile ya chumbani," nikamwambia. "Na bakuli. Na usiniungie maharage humo."

Akaileta. Pampu ilikuwa nje, imelala kando kama mkono uliovunjika. Basi nikafanya kama nilivyoona miaka mitatu. Nikanusa. Mafuta ya taa yakanipanda kichwani nikapiga chafya juu ya dagaa. Nikaweka sikio kwenye tangi, nikafumba macho.

"Inasemaje?" Yassir akauliza.

"Inasema uondoke kwenye kigoda cha watu."

Koleo hakuna, lilikuwa kwenye kopo, na kopo lilikuwa Katubuka. Nikaomba kisu cha Telesphory. Nikazungusha kitu, kikatoka. Nikazungusha kingine, kikatoka na mwenzake ambaye sikumwita. Springi ikaruka ikazama kwenye dagaa. Telesphory akaacha wavu akaja kuitafuta kwa magoti. Muda si mrefu mkeka wangu ulikuwa umejaa vipande vya shaba vinavyofanana vyote, na mimi jasho linanichuruzika, na jua linapanda.

Mkono ukikwama, mdomo unasaidia. "Huku juu kumeziba kwa sababu ya sangala," nikasema.

"Sangala gani, Bibi?"

"Hukusikia? Mbalamwezi ile ya mvua nyingi. Taa ilianguka majini kule mbele ya Ilagala ikiwa inawaka, sangala akaimeza. Haikuzimika. Akawa anaogelea tumbo linang'aa, mifupa yote inahesabika. Dagaa wa ziwa zima wakamfuata. Ng'ambo kule Kongo watu walitoka nje wakachambua mchele kwa mwanga wa tumbo lake."

"Na alivuliwa?"

"Alichoka. Mwenyewe alikuja mwaloni akafungua mdomo, akasema, jamani nizimieni, sijalala wiki nzima."

Telesphory akacheka chini kwa chini, akanipa springi. Yassir naye akatabasamu kidogo, mara ya kwanza siku ile. Lakini macho yake yalikuwa kwenye mikono yangu, na mikono yangu ilikuwa imefika mwisho wa njia. Nilikuwa nimeshika pampu kwa mkono mmoja na ngozi ya kiatu changu cha harusi kwa mkono mwingine, inadondosha mawese, na sikujua mdomo wake unaelekea juu au chini. Nikaitia upande mmoja, haikukubali. Nikaigeuza. Nikaisukuma kwa kidole.

"Bibi," Yassir akasema taratibu. "Basi."

"Bado. Subiri. Hapa ndipo yule sangala alipo…"

Mlango wa ua ukalia.

Leonia alikuwa amesimama pale, furushi kichwani, kopo kwapani, miguu nyekundu kwa vumbi la njia ya Katubuka. Jua lilikuwa utosini, saa ya kuitoa ngozi. Macho yake yalikwenda kwanza kwenye lile bakuli la mawese. Halafu kwenye mkeka, vipande vyote vile kati ya dagaa. Halafu kwenye karatasi na kalamu ya Yassir.

Akatua furushi.

"Mama," akasema, "hiyo iko kichwa chini."

Yassir akaniwekea karatasi juu ya mkeka, karibu na dole langu, akainuka kwenye kigoda, akamwachia mwenyewe.